Waliozaliwa Baada ya Mwezi wa Sita

Saluni ninayonyolewa hapa Saio, mjini Bunia, ina viti viwili, kioo kimoja chenye ufa, na televisheni inayowaka pale tu jenereta ya jirani inapokubali. Jumamosi moja jenereta iligoma, tukabaki kuchungulia simu ya kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake. Video ilionyesha wanaume wawili wakitwangana ngumi juu ya barafu, na refa amesimama pembeni ametulia kama mtu anayengoja motari wake ageuze pikipiki. Mmoja wa wapiganaji alikuwa mweusi. Mgongoni pake paliandikwa IMAMA.

"Papa, huyu ni mutu ya kwetu?" kijana akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, kwa upande wa wazazi. Bokondji Imama alizaliwa Montréal, Kanada, tarehe 3 Agosti 1996, na baba na mama waliotoka Kongo. Kwa Kilingala bokonzi ni utawala, na mtu wa hapa hahitaji kuambiwa mara mbili jina hilo limetokea wapi. Anacheza hoki ya barafuni, na amefika katika NHL, ligi ambayo kila mcheza hoki duniani huiota.

Kinyozi akazima mashine. Kijana akaniuliza swali la pili, na hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika makala haya: "Balimuona wapi?"

Siku ile nilimjibu ovyo. Leo nina nafasi zaidi.

Kwa msomaji ambaye barafu anayoijua ni ile inayoganda kwenye chupa ya maji ndani ya friji, hoki ya barafuni ni mchezo wa watu sita kwa sita, makipa wakiwemo. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini, hushika magongo, na wanachogombania si mpira bali kisahani cha raba nyeusi chenye upana wa sentimita 7.6 na uzito wa gramu 170 hivi. Kikipigwa na mtu mwenye nguvu hupita mwendo wa kilomita 150 kwa saa, ndiyo maana wachezaji wamefungwa kofia na mapedi mwili mzima. Kupigana ngumi kunaadhibiwa kwa dakika tano nje ya mchezo, kisha mtu anarudi kazini. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba wachezaji huingia na kutoka bila mchezo kusimamishwa. Mtu hukaa barafuni chini ya dakika moja, kisha anakimbilia benchi kuvuta pumzi na mwenzake anaruka ukingo kuchukua nafasi.

Hapo ndipo kazi ya msaka vipaji inapokuwa ngumu. Kijana uliyemfuata kutoka mbali unamwona kwa sekunde arobaini, anatoweka, unamngoja dakika mbili tatu, anarudi tena kwa sekunde arobaini. Katikati ya hapo unatazama nini? Wengi hutazama simu. Wachache huwatazama wale wengine.

Imama aliingia kwa mlango wa nyuma. Kila mwaka klabu za NHL hukutana kuchagua vijana, klabu moja baada ya nyingine, kwa duru saba. Kijana lazima awe ametimiza miaka 18 kufikia Septemba 15 ya mwaka huo. Leo klabu ni 32, kwa hiyo majina yanayotajwa ni 224, na kadiri jina linavyochelewa kutajwa ndivyo matumaini yanavyopungua. Mwaka 2015 klabu ya Tampa Bay Lightning ilimtaja Imama katika duru ya sita, akiwa wa 180. Vijana 179 walionekana kuwa na thamani kuliko yeye. Mechi yake ya kwanza katika ligi hiyo aliicheza Aprili 2022 akiwa na Arizona Coyotes, karibu miaka saba baadaye. Miaka hiyo alikuwa akizunguka kwenye ligi za chini, na huko alikutana na uchafu ambao hausemwi siku ya uchaguzi: mchezaji mmoja alifungiwa mechi 5 mwaka 2020 kwa kumtukana rangi yake, na mwingine mechi 30 mwaka 2022 kwa kumwigizia nyani mbele ya watu. Imama aliendelea kucheza.

Sasa turudi kwa wanaotazama.

Mtu ambaye kazi yake nimeifuata kwa muda mrefu kuliko mwingine yeyote katika mchezo huu ni Msweden aitwaye Håkan Andersson. Kabla ya kuwa msaka vipaji alikuwa akiwaongoza watu wanaokwenda kuvua samaki kwa burudani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kuitafutia vipaji klabu ya Detroit Red Wings barani Ulaya, na miongo mitatu baadaye alikuwa bado yuko kwenye kazi ileile, kwa klabu ileile. Mvuvi wa Tchomia au Kasenyi, kule kwetu Ziwa Albert, angemwelewa haraka kuliko mwandishi wa michezo. Mvuvi hatazami samaki, maana samaki haonekani. Hutazama maji yanavyojikunja, ndege wanatua wapi, upepo umegeuka saa ngapi, na kesho hurudi palepale.

Mwaka 1994 Andersson aliishauri klabu yake imchague Tomas Holmström, kijana mzito wa kuteleza ambaye hakuna aliyemgombania. Alitajwa wa 257. Holmström akatwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mara nne, kwa kazi moja ambayo wengi hawaitaki: kusimama mbele ya kipa wa timu pinzani na kumziba macho huku akipigwa magongo ya mgongo.

Habari ya Pavel Datsyuk ndiyo tamu zaidi. Datsyuk alizaliwa Julai 1978 Sverdlovsk, mji ambao leo unaitwa Yekaterinburg. Alikuwa mdogo wa mwili. Uchaguzi wa 1996 ulipita bila jina lake kutajwa, na wa 1997 pia. Andersson alisafiri hadi Moscow kumtazama mtu mwingine kabisa, beki kijana Dmitri Kalinin, aliyekuwa akitazamwa na kila klabu. Katika kumtazama Kalinin jicho likamnasa yule mfupi wa upande wa pili ambaye kila akipata kisahani watu wawili walilazimika kumfuata. Akarudi kumtazama tena. Mwaka 1998 Kalinin alichaguliwa wa 18 na klabu nyingine, na Detroit ikamchukua Datsyuk akiwa wa 171. Akatwaa Kombe la Stanley mara mbili, akashinda mara tatu tuzo ya mshambuliaji bora katika kukaba, na mwaka 2024 akaingizwa katika Jumba la Umashuhuri la hoki.

Mwaka mmoja baada ya Datsyuk kuchaguliwa, mambo yalijirudia. Andersson alikuwa akimtazama Msweden Mattias Weinhandl, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumzwa, akamwona mwenzake Henrik Zetterberg. Zetterberg alichaguliwa mwaka 1999, wa 210. Mwaka 2008 Detroit walipotwaa kombe, yeye ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa mechi za mwisho za ubingwa.

Kuna watu huiita hiyo bahati, na Detroit wenyewe hawakuikana. Ni kweli pia kwamba kama wangejua Datsyuk atakuwa nani, wasingengoja hadi wa 171. Lakini bahati ina tabia ya kumpitia aliyekaa hadi filimbi ya mwisho. Waliokwenda Moscow kumtazama Kalinin walikuwa wengi, na walimwona Kalinin.

Kwa nini basi macho mengi namna hiyo, ya watu wanaolipwa kutazama, yapitwe na mtu aliye mbele yao? Jibu moja lilipatikana katika miaka ya 1980 kwenye jukwaa la uwanja mdogo wa Lethbridge, mji wa jimbo la Alberta, Kanada. Mwanasaikolojia Roger Barnsley alikwenda kutazama hoki na mkewe Paula. Mama huyo hakuwa amezama sana kwenye mchezo. Alikuwa akisoma kijitabu cha mechi, kile chenye majina ya wachezaji, urefu, uzito na tarehe za kuzaliwa. Akagundua kwamba karibu wote wamezaliwa Januari, Februari au Machi, akamwonyesha mumewe. Barnsley alirudi nyumbani akaanza kuhesabu, akahesabu timu nyingine, akahesabu ligi, na mwaka 1985 wakachapisha matokeo. Kwa makadirio, katika kila wachezaji kumi wa hoki waliofika juu Kanada, wanne wamezaliwa katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka, na mmoja tu katika miezi mitatu ya mwisho.

Nyota za kuzaliwa hazihusiki hapo. Watoto wa Kanada hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na mwaka hufunguliwa Januari mosi. Aliyezaliwa Januari 2 na aliyezaliwa Desemba 28 wako timu moja. Wakiwa na miaka tisa, yule wa Januari ana karibu mwaka mzima zaidi wa mifupa, mapafu na akili. Kocha anatazama, anasema huyu ana kipaji. Anampeleka kwenye kikosi cha kwanza, anapata kocha mzuri zaidi, mechi nyingi zaidi, saa nyingi zaidi za barafu. Miaka mitano baadaye yule wa Januari kweli ni bora, na kocha anajisifu kwamba aliona mapema. Alichokiona ni umri, akauita kipaji, na kuuita kwake kukaufanya uwe kipaji.

Mwaka 2013 watafiti wengine waliuchunguza uchaguzi wenyewe wa NHL, wakakuta kwamba waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka huchaguliwa nyuma kuliko wanavyostahili. Ukija kuangalia kazi waliyoifanya baadaye kwenye ligi, walikuwa wakinunuliwa kwa bei ya chini.

Nilipofika hapo nilichukua kalamu nikaandika tarehe za watu wangu. Datsyuk, Julai 20. Imama, Agosti 3. Zetterberg, Oktoba 9. Nikaongeza mmoja ambaye Waafrika Mashariki tulipaswa kumjua kuliko tunavyomjua: Johnny Oduya, Oktoba 1. Baba yake ni Mjaluo kutoka Kenya, mama Msweden, na alizaliwa Stockholm mwaka 1981. Kaka yake Fredrik alimtangulia kwenye hoki na kuchaguliwa na San Jose mwaka 1993, na alifariki mwaka 2011 kwa ajali ya pikipiki. Johnny alichaguliwa mwaka 2001 na Washington Capitals akiwa wa 221. Washington hawakumchezesha hata mechi moja. Alirudi kucheza Sweden, akaingia NHL mwaka 2006 kwa klabu ya New Jersey, na akiwa beki wa Chicago Blackhawks alitwaa Kombe la Stanley mwaka 2013 na tena 2015. Katikati yake, mwaka 2014, alivaa medali ya fedha ya Olimpiki na Sweden. Sijui mtoto mwingine wa Mjaluo aliyelinyanyua kombe lile.

Wa 171, wa 180, wa 210, wa 221. Wote wanne wamezaliwa baada ya mwezi wa sita.

Mwalimu wa hesabu ataniambia wanne si takwimu, na ana haki. Tena ana silaha: Sidney Crosby alizaliwa Agosti 7 na mwaka 2005 alichaguliwa wa kwanza kabisa. Nathan MacKinnon alizaliwa Septemba 1, na mwaka 2013 naye akawa wa kwanza. Wote wawili wametoka kitongoji kimoja, Cole Harbour, katika jimbo la Nova Scotia. Jitu halizuiwi na kalenda. Lakini kocha hahitajiki sana kwa majitu, maana hayo hata kinyozi wetu angeyaona. Anahitajika kwa yule wa katikati, mfupi kidogo, aliyezaliwa Novemba, anayekaa benchi kipindi chote cha kwanza.

Crosby na MacKinnon nimewataja kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2018 walivaa jezi ya Kenya.

Ndiyo, Kenya. Mwishoni mwa 2005 hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua kiwanja cha barafu ndani ya jengo lake, cha kwanza katika ukanda huu wote. Kiwanja cha kweli cha NHL kina urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Cha Panari ni kidogo kuliko hapo kwa mbali, hata timu mbili kamili zikiingia zinakanyagana, kwa hiyo huchezwa na watu wachache kila upande. Wageni waliokuwa wakiishi Nairobi wakaanza kucheza hoki usiku, vijana wa mjini wakaja kuchungulia, na kutoka hapo ikazaliwa timu ya Ice Lions, Simba wa Barafu. Kocha wao ni Mkanada, Tim Colby, anayewafundisha kwa kujitolea.

Hebu jiweke mahali pa Colby. Nyumbani kwao kocha wa hoki hupokea watoto waliofungwa viatu vya barafu wakiwa na miaka mitatu, na kazi yake ni kuchuja. Nairobi hakukuwa na wa kuchuja. Hakukuwa na ligi, wala shule yenye timu, wala baba aliyecheza. Msaka vipaji wa Nairobi ilibidi atafute kitu kinachofanana na hoki kabla hoki yenyewe haijawepo. Kikapatikana kwenye viatu vya magurudumu. Nairobi ina vijana wengi wanaoteleza kwa magurudumu kwenye maegesho ya magari na barabara zilizofungwa siku za Jumapili, na wengi wa Simba hao wametokea huko. Mtu aliyezoea magurudumu akikanyaga barafu kwa mara ya kwanza tayari anajua kupinda goti, kuhamisha uzito, kuanguka bila kuvunjika mkono. Kinachomshinda ni kusimama, kwa sababu kwenye lami hubuni namna zake za kusimama na kwenye barafu sharti ayageuze makali ya viatu ubavu yakwaruze. Ukikaa Panari utausikia mkwaruzo huo, kama mtu anayekuna nazi haraka haraka, na ukiwa na sikio utajua kwa sauti tu nani amezoea na nani bado.

Kwa miaka mingi tatizo la Simba lilikuwa la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja: hawakuwa na timu ya kucheza nayo. Ndipo kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, ilipowapeleka Kanada mwaka 2018 na kutengeneza filamu fupi. Wakiwa kwenye chumba cha kuvalia wakijiandaa kwa mechi, mlango ukafunguliwa wakaingia Crosby na MacKinnon wakiwa na jezi za Kenya, wakacheza nao. Ilikuwa tangazo la biashara, tusijidanganye. Lakini machozi ya wale vijana hayakuwa ya biashara. Ugonjwa wa Uviko ulipokuja na milango ya Panari kufungwa, walirudi kwenye magurudumu. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni, nchi ya tano ya Afrika katika orodha ya wakati huo, baada ya Afrika Kusini, Moroko, Aljeria na Tunisia. Na msimu uleule wa 2024 hadi 2025 klabu ya Pittsburgh Penguins, anakocheza Crosby, ilimwita kikosini mchezaji kutoka timu yake ya chini. Jina lake Bokondji Imama.

Ndege inayoruka moja kwa moja kutoka Bunia hadi Nairobi ingemaliza safari yake katika kilomita 800 hivi. Hadi Kinshasa ni karibu 1,800. Kwa hiyo mtoto wa Saio yuko karibu zaidi na barafu ya Panari kuliko na nyasi za uwanja wa Martyrs. Sisemi tuanze hoki. Nasema tusijitetee kwa umbali.

Maana hapa kwetu swali ni lilelile la saluni, ila limegeuzwa: watatuona wapi? Februari 2016, mjini Kigali, kocha Florent Ibenge aliiongoza Kongo kuifunga Mali 3-0 na kutwaa CHAN, michuano ya soka ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani tu, na Kongo ikawa nchi ya kwanza kuitwaa mara mbili. CHAN ni dirisha zuri sana la wasaka vipaji. Lakini ili uonekane dirishani sharti uwe umeshaingia nyumbani, yaani uwe kwenye klabu ya ligi ya taifa, na kutoka Ituri kwenda kwenye klabu kubwa ni suala la tiketi ya ndege. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi wa dharura. Msaka vipaji gani anapanga safari ya kuja kukaa wiki tatu Bunia, kurudi mwakani, na kurudi tena mwaka wa kesho kutwa, kama Andersson alivyorudi Urusi?

Basi anayebaki ni kocha wa mtaani. Nenda kwenye viwanja vya udongo vya Saio saa kumi jioni utamkuta, filimbi shingoni, ndala miguuni, watoto arobaini na mpira mmoja. Anafundisha bure, kama Colby, ila yeye hakuna anayempiga filamu. Nimemtazama anavyopanga timu. Anawasimamisha watoto kwenye mstari na kuwagawa kwa kimo: warefu kule, wafupi huku. Hana namna nyingine, kwa sababu watoto wengi hawajui tarehe zao. Kosa la Kanada linafanyika hapa kila jioni, tena bila kijitabu ambacho mke wa mtu angeweza kukisoma na kulifichua.

Na kukosa tarehe kuna adhabu yake mbele ya safari. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA hupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono kuwakamata wanaodanganya umri. Afrika tunalalamika kwamba tunashukiwa bure. Wakati mwingine ni kweli, na wakati mwingine si kweli hata kidogo, tunajuana. Lakini mtoto mwaminifu asiye na karatasi hana cha kumtofautisha na mwongo mwenye karatasi ya kununua. Wote wawili wananyoosha mkono kwenye mashine.

Jina Saio lenyewe limetoka mbali. Ni mji wa Ethiopia, leo unaitwa Dembi Dolo, ambako Julai 1941 askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, waliwalazimisha majenerali wa Italia kusalimu amri. Bukavu wana kambi yenye jina hilohilo. Askari wale wa zamani, pamoja na mabaya yote ya enzi ile, kila mmoja alikuwa na namba yake kwenye daftari la jeshi. Mtoto anayepiga chenga leo kwenye udongo wa Saio hana daftari lolote linalojua kwamba yupo.

Nilirudi saluni wiki iliyofuata. Yule kijana wa simu alikuwepo, ni winga wa kushoto katika timu ya mtaa, miguu myepesi, kifua bado cha mtoto. Nikamwuliza amezaliwa lini.

"Mwezi wa kumi na moja," akasema. "Mwaka, mama ndiye anajua."

Makocha wa Saio, wa Mudzipela, wa Bankoko na wa Nyakasanza, nawaomba jambo moja la bei ya daftari. Andika jina la kila mtoto, jina la mama yake, tarehe ya kuzaliwa kama mama anavyoikumbuka, anacheza nafasi gani, na siku uliyomwona akifanya jambo la kukushangaza. Yule mfupi uliyemweka benchi, angalia tarehe yake kabla hujamwambia aende nyumbani. Nanyi wazazi mliopata mtoto mwaka huu, mpelekeni mkamwandikishe kwenye ofisi ya hali ya raia. Sheria ya Kongo inatoa siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya siku hizo hakuna malipo. Zikipita, cheti kitatoka mahakamani.